Mtoto wa Kitanda cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na diski imeanguka leo asubuhi. Nayaandika pamoja kwa sababu ndivyo yalivyokuja.

Mdogo wangu alikuwa anafuta meza. Mimi nilikuwa uani natoa nguo kwenye kamba. Nikasikia pu! kisha kimya, na kimya cha mdogo wangu si jambo la kawaida. Yule hata akishona, mdomo unafanya kazi kuliko cherehani. Nikaingia mbio nikamkuta ameishika diski kwa mikono miwili.

"Dada, imeteleza tu. Haijavunjika. Ona, haina hata mkwaruzo."

Nikaichomeka kwenye kompyuta. Taa ikawaka. Tik, tik, tik. Haikufunguka.

Nieleze kilichomo, maana daftari hili likisomwa na mtu mwingine asije akadhani nalilia picha za harusi. Nilikuwa mkunga miaka ishirini na tisa. Katika kumi na mitano ya mwisho, kila mtoto aliyezaliwa hana pumzi mikononi mwangu nilimwosha, nikamviringisha kitambaa alichokuja nacho mama yake, nikampiga picha. Moja tu. Kina mama wengi siku ile hawataki kutazama, na mimi sikumlazimisha hata mmoja. Niliwaambia hivi: "Picha ninayo. Ukiitaka kesho, ukiitaka baada ya miaka kumi, nitafute." Wengine hawakurudi. Wengine walirudi, mmoja baada ya miaka kumi na mmoja, akakaa nayo kwenye benchi nje ya wodi mpaka wageni wa jioni wakaanza kuingia.

Nilipostaafu, karani wa kumbukumbu akasema kompyuta za wodi zinabadilishwa na vilivyomo vitafutwa. Daktari mkuu akaniambia, "Wachukue, wewe ndiye uliyewaahidi." Nikawahamishia wote kwenye diski hii. Ni watoto mia mbili na kumi na wawili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeichomeka mara sita. Tik, tik, tik.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sijasema na mdogo wangu tangu juzi, isipokuwa "pisha" na "funga dirisha". Chakula anapika, mimi nakula, nanawa, naondoka mezani. Najua ni utoto. Nitaacha nikitaka.

Ijumaa, 7 Machi

Simu imelia saa nne asubuhi. Namba siijui.

"Nesi, shikamoo. Sijui kama utanikumbuka. Ni mimi, wa kitanda cha tisa. Kitambaa cha njano."

Nilimkumbuka papo hapo. Ni miaka sita sasa. Alikuwa mwembamba, kimya, amegeukia ukutani tangu nilipomwambia mpaka alipotoka wodini kesho yake. Alisema "asante" mara moja tu, kwa yule mama wa usafi aliyempa maji.

"Nakukumbuka, mwanangu. Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nina mimba, Nesi. Wanasema mwanzoni mwa Mei." Nikasikia mvua ya kwao kwenye simu. "Nataka nimwone wa kwanza kabla sijamwona wa pili. Siku ile sikuweza. Bado unaye?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mwanamke mzima, nimetoa habari mbaya kwa watu miaka ishirini na tisa, nimesema na waume waliokuwa wakipiga ukuta ngumi. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu inasema, "Ninaye. Njoo."

Barabara ya kwao imekatika kwa mvua. Atakuja mwishoni mwa Aprili, akihamia kwa dada yake kusubiri siku zake karibu na hospitali. Nikakata simu, nikaenda kuichomeka diski. Tik, tik, tik.

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu ndiye aliyempata fundi. Ni mteja wake, alimshonea suruali mbili na hakulalamika hata kidogo, na kwa hilo tu mdogo wangu anamwona ni mtakatifu. Ana chumba juu ya duka la miwani. Mtu wa makamo, mpole mpaka unakereka, anakuangalia muda mrefu kabla ya kujibu kama vile swali limetoka mbali.

Akaishika diski, akaiweka sikioni bila kuichomeka popote.

"Umeichomeka mara ngapi tangu ianguke, mama?"

Nikamwambia mara arobaini na moja. Najua kwa sababu niliandika. Leba tunapima mapigo ya mtoto kila nusu saa, na huu mkono wangu haujui kukaa na kitu kinachoumwa bila kukipima.

Akafumba macho, akayafumbua. "Ndani yake kuna kichwa kidogo kinachosoma. Kuanguka kulikipinda tu. Ungeileta siku ileile, ilikuwa kazi ya siku mbili. Lakini kila ulipoichomeka, kichwa kilichopinda kilikuwa kinakwangua sahani yenye picha."

"Mara arobaini na moja," nikasema.

"Ndiyo, mama." Akaandika kitu. "Nakala nyingine iko wapi?"

"Hii ndiyo akiba."

"Akiba ya nini? Zenyewe ziko wapi?"

Nilikuwa nimezihamisha. Sikunakili, nilihamisha, halafu miaka miwili nikawa naiita akiba na kulala usingizi.

Akauliza ni picha za nini, nikamwambia, na nani anakuja Aprili kumwona wake. Hakusema pole. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Siwezi kuifungua na unyevu huu. Tone moja la unyevu likiingia, tumemaliza. Subiri mvua ikatike. Subiri pia nipate diski nyingine ya aina hiihii, nitoe kichwa chake nimvalishe huyu."

Nikashuka ngazi nimefura. Nimemwachia watoto wangu mtu asiye na moyo.

Jumanne, 11 Machi

Sijawahi kumwomba mdogo wangu msamaha tangu tulipokuwa wadogo, na hata wakati ule mama yetu alinishika sikio. Leo nimeenda nikasimama nyuma ya kiti chake.

"Si wewe. Ni mimi niliyeiua. Fundi ameniambia."

"Nini?" akasema. "Sikusikia, cherehani inapiga kelele."

Cherehani ilikuwa imesimama. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Nimekosea," nikasema. "Nimekununia siku nane kwa kosa langu."

Akatia uzi, akaukata kwa meno. Ndipo nikaona machozi yanamdondokea kwenye kitambaa cha mteja. Kumbe siku zote hizi alikuwa haingii sebuleni nikiwa nimetoka, anaogopa kushika kitu. Ana miaka hamsini na mitatu. Nimejionea aibu mpaka basi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nimepiga simu kwa fundi. "Subiri."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. "Subiri." Mdogo wangu sasa anamwita Mheshimiwa Subiri, na akiniona nashika simu anasimama wima na kupiga saluti.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya mawe. Kitanda cha tisa amenitumia ujumbe: mtoto anacheza sana, halali usiku, anauliza kama picha ni ya rangi. Nikamjibu ni ya rangi. Huo ni uongo wangu wa pili, au ni ukweli uliosimama juu ya uongo wa kwanza. Sijui.

Alhamisi, 27 Machi

Diski pacha imepatikana. Imetoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahifadhia mitihani. Hewa bado nzito, kuta za chumba changu zinatoa jasho. "Subiri."

Jumapili, 30 Machi

Nimelala mchana kutwa. Nimemwota mtu anagonga, nafungua, hana uso.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya tatu bila mvua! Fundi amepiga mwenyewe, saa mbili asubuhi. Ameifungua, amebadilisha kichwa, imezunguka bila kulia. Anasema sasa ataisoma polepole, sehemu kwa sehemu, akiruka palipochunika na kupaacha mwisho. Nilimuuliza itachukua muda gani. Mdogo wangu alikuwa ameweka sikio kwenye simu. Tukalitamka jibu sote wawili kabla yake. Nadhani alicheka. Sina hakika, simu ilikwaruza.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imerudi na umeme umekatika mara tatu. Kila ukikatika, nampigia. Fundi ana betri ya akiba, anasema niache kupiga simu.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeenda kwa fundi bila taarifa. Niseme kweli: nilikwenda kumfumania. Nilikuwa na picha kichwani ya wanaume watatu wamesimama mbele ya kioo cha kompyuta, wanawanyooshea watoto wangu vidole.

Kwenye ngazi nikakuta watu wawili wanalalamika. Mmoja amebeba printa kifuani, amelowa. Mlangoni kuna karatasi: LEO HAKUNA KAZI. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Fundi alikuwa peke yake, amekaa wima, amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, wakati siku zote namkuta kifua wazi. Meza yote ameisafisha. Picha ilikuwa inafunguka. Aliitazama muda mfupi tu, kuona kama ni nzima, akaandika namba, akaifunga. Kisha akakaa kidogo bila kufanya kitu. Kisha akafungua nyingine.

Niligonga. Akanifungulia, akaona nilivyomwangalia.

"Siwezi kuwafungua hawa huku mtu ananiuliza habari za printa," akasema.

Nilimpa mkono. Nilitaka kumwambia nilichokuwa nawaza juu yake, nikaona nisimtwishe na hilo.

Alhamisi, 17 Aprili

Mia moja hamsini na wanane wazima. Ishirini na watatu nusu. Thelathini na mmoja hawapo, sehemu zao zimekwanguliwa mpaka chini.

Majina ya mafaili yamepotea, zimebaki namba tu, lakini kila picha imebeba tarehe yake ndani, na mimi ninalo daftari langu la wodi: tarehe, kitanda, rangi ya kitambaa. Fundi amenipa kiti na chumba. Kazi hii nimekataa kusaidiwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimefika wa tisini na nne. Kitanda cha tatu, kitambaa cheupe chenye nyota. Kitanda cha kwanza, taulo. Kitanda cha kumi na mbili, shati la baba, maana hakukuwa na kingine. Nilidhani nitawakumbuka wote. Sikuwakumbuka hata nusu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimempata. Tarehe ni yenyewe, kitambaa ni cha njano, kimechomwa na pasi kwenye ncha moja.

Yuko nusu. Kitambaa kimezunguka kichwa, paji la uso pana, nyusi nyembamba ambazo hata hazijajipanga, macho yamefumba, nywele mbili tatu zimetoka pembeni. Pua. Kisha mstari, umenyooka kama umekatwa kwa rula, na chini ya mstari ni kijivu kitupu.

Nililia palepale, sikujificha. Fundi akatoka nje akasimama kwenye ngazi mpaka nilipomaliza.

"Huko chini kuna kitu bado?" nikamuuliza.

"Nimepita mara tano. Hakuna, mama."

Arobaini na moja, nikasema moyoni. Mdomo wa mtoto wa watu nimeula mimi.

Alhamisi, 24 Aprili

Fundi amekuja nyumbani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ametoa bahasha mbili. Ya kwanza ni ile nusu, ameichapisha vizuri kwenye karatasi nene. Ya pili akaiweka mezani, akauacha mkono juu yake.

"Kuna programu," akasema. "Unaipa kilichopo, inachora kilichopungua. Nimeitengeneza kwa kumwonea huruma huyo mama. Uamuzi ni wako, wala sitauliza."

Alipoondoka nikaifungua. Jamani! Mtoto mzima. Mashavu, mdomo, kidevu, na kitambaa cha njano kimekutana vizuri chini ya shingo. Mstari hauonekani hata ukitafuta kwa miwani. Mdomo umefumba, pembeni umeinuka kidogo, kama mtoto aliyeshiba na kulala.

"Mpe hii," mdogo wangu akasema. "Dada, nakuomba. Mjamzito wa miezi tisa umpe mtoto aliyekatwa nusu? Una roho gani?"

"Huyu si mtoto wake."

"Macho ni yake, paji ni lake. Mdomo ni kitu gani? Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe!" Akaweka mkono kiunoni. "Haya, niambie. Mdomo wake ulikuwaje? Si ulimwosha mwenyewe? Sema."

Nikakaa. Nikatafuta. Nilimwosha, ndiyo, nilipitisha pamba kwenye ule mdomo kwa vidole hivi hivi. Hakuna. Wananijia wengine, midomo ya watoto mia, lakini wa kitanda cha tisa hanijii.

"Unaona?" mdogo wangu akasema, lakini kwa upole, na akaja akanishika bega.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitampa nzima. Ameteseka vya kutosha.

Jumapili, 27 Aprili

Nitampa nusu. Mpaka asubuhi nilikuwa nasema nzima. Mdogo wangu ameniambia nikatembee, nikamwambia mvua, akanipa mwavuli.

Jumatatu, 28 Aprili

Amekuja saa tano. Barabara imefunguka juzi. Mvua ilikuwa manyunyu tu. Dada yake alimshusha mlangoni akaenda kumsubiri kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo.

Amenenepa, amekuwa mwanamke. Anaongea. Alimsifu mdogo wangu kwa mapazia, akaomba maji, akacheka tumbo lilipomzuia kukaa karibu na meza. Mdogo wangu akaingia jikoni akafunga mlango, na ninamjua, alikuwa amesimama nyuma ya mlango huo.

Bahasha zote mbili zilikuwa kwenye rafu. Niandike ukweli, maana nisipouandika hapa sitauandika kokote: mkono wangu ulikwenda kwenye ile ya picha nzima. Nimeitoa, nimeigeukia meza, ameshanyoosha mikono kuipokea. Akauliza, tena bila nia yoyote, ni kama mtu anavyouliza kumaliza woga:

"Ndivyo ulivyompiga picha siku ile, Nesi?"

Ningesema ndiyo, neno lenyewe silabi mbili tu. Nikairudisha kwenye rafu.

"Si hii," nikasema. "Kaa kwanza, mwanangu. Nina maneno."

Nikamwambia yote. Diski iliyoanguka, na mimi niliyeipima mara arobaini na moja mpaka nikaichuna. Kwamba aliponipigia simu Machi sikuwa na picha, na nikamwambia ninayo. Kwamba amepatikana nusu, kuanzia puani kwenda juu, na chini hakuna kitu na hakitapatikana. Nilisema nikiwa nimemtazama usoni, kama tulivyofundishwa. Yeye hakunitazama. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Nipe hiyo nusu," akasema.

Akaiweka mapajani, mbele ya tumbo. Alikaa nayo muda mrefu sana. Sijui ni dakika ngapi, na mimi ni mtu wa kuhesabu dakika. Akapitisha kidole kwenye nyusi, moja, halafu ya pili.

"Ana paji la baba yangu," akasema. Sauti ilikuwa yake ya kawaida, ila machozi yalikuwa yanashuka bila kukatika. Kisha akauliza, "Na mdomo wake, Nesi, ulikuwaje?"

Nilijua atauliza. Siku nne nilikuwa natunga jibu. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mdogo. Kila mtoto ana mdomo mzuri na mdogo, nisingekuwa nimekosea.

"Sikumbuki, mwanangu," nikasema. "Nimejaribu sana. Nisamehe."

Akatikisa kichwa polepole, na mimi nikadhani ananikatalia msamaha.

"Mimi naukumbuka," akasema.

Nikamwangalia.

"Ulipomaliza kumpiga picha ulimfunika uso, ukamlaza pembeni yangu, ukatoka kwenda kufuata karatasi. Watu wote mnajua nilikuwa nimegeukia ukutani. Uliposhika mlango nikageuka. Nikafunua kitambaa kutoka chini, kidogo hivi. Nikaona kidevu. Nikaona mdomo. Wa juu umechongoka, umeachana na wa chini, kama anataka kuniita. Nikasema nikipanda nikayaona macho, sitaamka tena hapa kitandani. Mkono ukakataa. Nikasikia viatu vyako, nikamfunika, nikageuka ukutani. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nimeishi na mdomo wake miaka sita, na sikuwa na macho ya kuuwekea."

Akaweka kiganja juu ya sehemu ya kijivu, akaiziba yote, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sikusikia alichomwambia, wala hakikunihusu. Nilikuwa nauona ule mdomo mwingine, uliofumba, uliotabasamu, ambao ilibaki kidogo tu nimwekee mkononi.

Alipofumbua macho alijifuta kwa ncha ya nguo, akaomba maji mengine. Mdogo wangu akayaleta mara moja, macho mekundu. Mgeni wetu akanywa yote. Akairudisha picha kwenye bahasha yake, taratibu, uso ukiangalia ndani, akaiweka kwenye mkoba pamoja na kadi yake ya kliniki.

Tulimsaidia kusimama. Alipokuwa anavaa viatu akainua macho kwenye rafu, akauliza ile bahasha nyingine ni ya nani. Nikamwambia si ya mtu.